Kadi Tatu za Chiriku

Mama unayesoma haya, kama mtoto wako mmoja ana kadi za hospitali zaidi ya moja, kazitoe kwanza ulikozificha, uzipange mezani, halafu uendelee kusoma. Mimi zangu zilikuwa tatu. Nilikuwa nazilaza chini ya godoro, na kila moja niliipata kwa ujanja niliojisifia mwenyewe.

Mwanangu wa pili ana miaka sita. Nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, naye akitoka shule hukaa chini ya meza ya kukatia vitambaa akipanga vifungo na kuuliza maswali. Kwa nini uzi una mwanzo lakini hauna mwisho. Kwa nini sindano ina jicho na haioni. Nilikuwa namwambia, nyamaza kidogo mama, nitakosea kukata. Siku hizi simwambii tena hivyo.

Mji wetu una hospitali mbili za serikali. Moja ina geti la bluu na nyingine la kijani, basi watu wote wanaziita hivyohivyo, Bluu na Kijani. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Zamani ilikuwa tabu tupu. Unaamka giza halijatoka, unakaa kwenye benchi mpaka miguu inakufa ganzi, nesi anakuita kama anafukuza mbuzi, na ukifika dirishani dawa hakuna. Halafu ikaja habari kwamba hospitali zitashindanishwa. Hela ya serikali ingemfuata mgonjwa. Itakayovuta wagonjwa wapya wengi zaidi na kuwahudumia upesi ndiyo ingepata fungu kubwa. Kila moja ikasimamisha ubao getini: leo tumepokea wagonjwa wapya wangapi, na mgonjwa mpya anasubiri dakika ngapi. Bluu wakiandika thelathini, kesho yake Kijani wanaandika ishirini na tano.

Sitasema uongo, tulifurahi. Vyoo vikaanza kunukia sabuni. Nesi yuleyule wa kufukuza mbuzi akawa anasema karibu mama, pole, kaa hapa. Dada yake Chiriku alipovunjika mkono shuleni, nilimpeleka Kijani, akapigwa picha, akafungwa plasta, na tuliporudi nyumbani maharage niliyomwachia jirani aniangalizie jikoni yalikuwa hayajaiva. Nilimpigia simu baba yao, ambaye ni fundi bomba na hufanya kazi mbali, anarudi Jumamosi. Nikamwambia, mume wangu, dunia imebadilika. Akacheka, akasema na wewe usibadilike sana.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni hiki. Dakika zilizoandikwa ubaoni zilikuwa za mgonjwa mpya tu. Wa marudio hakuhesabiwa. Kwa hiyo kila hospitali ikawa na foleni mbili. Ya wapya iko mbele, kwenye viti vya plastiki vyenye migongo, feni inazunguka juu. Ya marudio iko nyuma, karibu na chumba cha kufulia mashuka, kwenye benchi la zege. Sisi tuliziita foleni ya wageni na foleni ya wenyeji. Mgeni nusu saa. Mwenyeji siku nzima, na mara nyingine anaambiwa arudi kesho.

Aliyenifundisha ujanja ni jirani yangu msusi, tunamwita Redio kwa sababu habari zote za mtaa zinaanzia kwake. Simlaumu. Aliona nimeshika kichwa nikiwaza nitakaaje siku nzima hospitali wakati nina sare thelathini za kumaliza.

"Shoga, wewe akili yako yote imeishia kwenye cherehani," akaniambia. "Kwa nini urudi ulikokwisha kwenda? Nenda kule kwingine. Kila siku wewe mgeni."

"Na nikishamaliza zote mbili?"

"Kwani mtoto wako ana majina mangapi?"

Ana mawili, kama watoto wengi. Moja la upande wa baba, moja la upande wangu. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anasukwa akasema jamani msinitingishe.

*

Ugonjwa wenyewe ulianza na maji. Chiriku anatoka chini ya meza, anajaza kikombe, anakunywa chote, anajaza tena. Nikasema joto. Akaanza kulowesha kitanda, yeye aliyeacha kulowesha akiwa na miaka mitatu. Kila asubuhi nikawa natoa godoro nje nalianika, naye anasimama pembeni kwa aibu, anasema, "Mama, si mimi, ni maji." Nikasema maji mengi lazima yatoke.

Siku ya sita nikampeleka Bluu. Tukaingia foleni ya wageni, tukakaa dakika ishirini na mbili, nilizihesabu kwa raha. Akapimwa, kilo ishirini. Daktari alikuwa kijana mpole, saa imewekwa mbele yake mezani. Akasikiliza, akaandika, akasema inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Akampa dawa ya maji. "Maabara ina msongamano, mama. Tuanze na hii. Baada ya siku tano mrudishe, tumpime mkojo na damu."

Akaandika kwenye kadi: arudi siku tano, vipimo.

Dawa ilikwisha na hali ni ileile. Siku tano zilipofika nikasimama mlangoni na begi mkononi. Nikaliwaza benchi la zege. Nikaziwaza sare. Nikaisukuma kadi ya Bluu chini ya godoro, nikaenda Kijani.

Kijani ndiko tulikomkuta Mama Mizani. Ni nesi mtu mzima, karibu astaafu, kazi yake kupima uzito na joto, na kila anayepita pale anaondoka ametaniwa. Chiriku akaitazama mizani, akamuuliza, "Hii inakula nini?"

"Inakula viatu," Mama Mizani akamjibu bila kucheka. "Vua uone."

Chiriku akavua, akaviweka mbali kabisa, karibu na mlango, asije akanyang'anywa. Kilo kumi na nane na nusu. Mama Mizani akaandika kwenye kadi mpya. Hakushtuka, ashtuke nini? Kumi na nane na nusu kwa mtoto wa miaka sita si uzito wa kumshtua mtu. Na mimi sikumwambia kuwa wiki iliyopita zilikuwa ishirini, maana ningekuwa nimesema nilitoka wapi.

Daktari wa Kijani akasema huenda ni minyoo. Anakula sana na hanenepi, dalili zinafanana. Akampa vidonge. "Asipopata nafuu, wiki ijayo arudi tumpime damu."

Unaona mtego ulivyo? Kipimo kilikuwa kinanisubiri kwenye safari ya pili, na mimi nilikuwa mtu wa safari za kwanza tu.

Wiki hiyo mwalimu wake akanitumia ujumbe: mtoto wako sketi inamshuka mstarini. Nikachukua mkanda wangu wa kupimia. Kiuno chake nakijua, nilimkatia sare mwenyewe mwanzo wa mwaka, inchi ishirini na moja. Zilikuwa zimebaki ishirini kasoro. Nikapunguza sketi, nikasema moyoni anarefuka, watoto wakirefuka wanakonda. Siku tisa baadaye nikapunguza tena. Safari hiyo sikusema kitu moyoni. Nilishona nikiwa nimeuma midomo.

Jambo jingine, nyumba ilikuwa imeanza kunyamaza. Nilikuwa nakata vitambaa bila kukosea na sikujiuliza kwa nini. Nikiinama nachungulia chini ya meza namkuta amelala juu ya vifungo.

Nikarudi Bluu, kwa jina la upande wangu. Karani alipouliza, "Mgeni au mwenyeji?" maana hata wao walikuwa wameshaanza kusema kama sisi, nikajibu mgeni bila kupepesa jicho. Kilo kumi na saba na nusu. Daktari alikuwa mwingine, mwanamke, amechoka lakini ana macho makini. Akambonyeza tumbo, akamtazama ulimi, akanitazama na mimi.

"Amewahi kutibiwa mahali popote kwa hali hii?"

Palikuwa na bango ukutani nyuma yake. Atakayetumia jina lisilo lake ataripotiwa na atakosa huduma. Nililisoma mara mbili.

"Hapana, daktari," nikasema.

Nimeshona nguo nyingi mbovu maishani, nikazifumua, nikashona upya. Neno hilo sijajua nalifumuaje.

Akaandika dawa ya kuongeza damu. Akaandika: arudi wiki moja, vipimo.

*

Jumamosi baba yao akarudi. Chiriku alikwenda kumpokea getini kwa kutembea. Siku zote hukimbia, humparamia kama ngazi. Baba yake akamwinua, akabaki amemshika hewani kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo akidhani imejaa.

"Mbona huyu kama amevaa nguo za dada yake?" akasema.

"Amepungua kidogo. Nimeshampeleka hospitali."

"Wamesemaje?"

"Wapi?"

Akanigeukia. "Kwani amekwenda ngapi?"

Redio alikuwa mlangoni kwake anasuka, akaacha kusuka akatusikiliza.

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, akalizungusha gurudumu taratibu kwa kidole. "Mimi nikiitwa kuziba bomba linalovuja," akasema, "cha kwanza nauliza nani aliligusa kabla yangu na alifanya nini. Nisipoambiwa nachimba sakafu nzima bure. Wewe umewaita mafundi watatu na kila mmoja umemwambia bomba ni jipya."

"Sasa nifanye nini?"

"Jumatatu umrudishe alikoanzia. Kaa kwenye hilo benchi mpaka wafunge. Sare ziache, nitaongea na mwalimu mimi."

Nikakubali. Jumatatu kabla ya mapambazuko akaondoka kuwahi kazi yake.

Nilipokwenda kumwamsha Chiriku, hakuamka vizuri. Alitapika mara mbili mfululizo, maji matupu. Pumzi yake ilikuwa nzito na ya haraka, kama ametoka kukimbia, na alikuwa amelala. Nilipomsogelea, mdomo wake ulinukia kama tunda lililoiva likapitiliza. Nikazibeba kadi zote tatu, nikazitia kwenye begi. Nilizichukua zote kwa sababu hata wakati ule nilikuwa sijaamua tutakuwa nani.

Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka sita. Hakunilemea. Hilo ndilo lililonitetemesha njia nzima, kwamba hakunilemea.

Niliahidi Bluu. Lakini Kijani ilikuwa karibu zaidi na kwetu, na ubao wao niliuona kwa mbali: dakika kumi na nane. Nikakata kona.

"Mgeni au mwenyeji?" karani akauliza bila kuinua kichwa.

Upande wa nyuma foleni ya wenyeji ilikuwa imezunguka chumba cha mashuka ikatokea upande wa pili. Watu wamekaa chini. Labda ningepiga kelele wangetupisha. Labda ningesema mtoto anakufa wangekuja mbio. Sikufikiri hivyo. Mtu akishazoea kuingilia dirishani, hata mlango ukiwa wazi hauoni.

"Mgeni."

"Jina?"

Majina yake yote mawili yalikuwa yamekwisha. Lile la baba lilikuwa hapo hapo Kijani kama lilivyokuwa Bluu. Lile la kwangu, niliogopa, sikujua kama hospitali hizo zinaambizana. Nikataja jina la binti wa Redio.

Tukapelekwa kwenye mizani. Mama Mizani akanisaidia kumfungua mgongoni, akamvua viatu, akamsimamisha, na mtoto hakuweza kusimama. Akampima nikiwa nimemshika, akanipima na mimi, akatoa hesabu. Kilo kumi na sita na nusu. Akaandika nusu ya jina kwenye kadi, akasita na kalamu.

"Huyu namjua."

"Hapana, ni mara yake ya kwanza."

"Mama." Hakupaza sauti. "Watoto wanaopita hapa kwa siku hawapungui mia. Simsahau aliyeniuliza mizani yangu inakula nini." Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mwanangu. "Leo huniulizi kitu?"

Chiriku alimtazama. Midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka. Hakuuliza kitu.

Bango lilelile lilikuwepo na hapo, juu ya mizani. Atakayetumia jina lisilo lake. Nikafikiri, nikisema watatufukuza. Nisiposema, huyu ataandikiwa dawa nyingine na kuambiwa arudi wiki ijayo. Na kwa mara ya kwanza tangu maji yaanze, nikajua kwa hakika kwamba wiki ijayo haipo.

Nikafungua begi. Nikaziweka kadi tatu juu ya meza yake.

"Wote ni yeye," nikasema.

Mama Mizani akavaa miwani. Akazipanga kwa tarehe, akaongeza na ile aliyokuwa anaiandika, zikawa nne kwa mstari mmoja. Kidole chake kikatembea. "Ishirini. Kumi na nane na nusu. Kumi na saba na nusu. Kumi na sita na nusu." Akarudia tena toka mwanzo, polepole. "Wiki nne."

Nikaigeuza sketi ya Chiriku kiunoni, nikamwonyesha ndani. Mistari miwili ya uzi, mmoja nyuma ya mwenzake.

"Hapa mezani nina watoto wanne, mama," akasema. "Kila mmoja peke yake anaweza kwenda nyumbani na dawa. Lakini ukiwaweka pamoja ni mtoto mmoja anayekwisha."

Alikuwa ameshamshika kidole. Akakitoboa, akaminya tone la damu, akaligusisha kwenye kimashine kidogo kama simu ya watoto. Baadaye niliambiwa kuwa kimashine kile kilinunuliwa kwa hela ya kuwashinda Bluu mwaka uliopita, zamani hospitali ile haikuwa nacho. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na ukweli hauna budi kusemwa wote.

Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika neno tu, la kusema imepita kipimo.

Mama Mizani akainuka. Sijawahi kuona mtu mzito vile akienda kasi vile. Alipita foleni zote mbili, akarudi na daktari.

*

"Ni kisukari," daktari akasema, huku akimtafuta mshipa mkononi.

"Daktari, hali vitu vitamu. Hata chai nampa ya sukari kidogo."

"Haikutokana na ulichomlisha. Mwili wake hauitumii sukari, imebaki kwenye damu inageuka sumu. Anahitaji sindano ya insulini na mtu wa kumwangalia kila saa. Wodi ya watoto yenye insulini iko Bluu. Nesi, tayarisha gari."

Hapo akaingia karani anayeandika ubao wa getini. Si mtu mbaya, alinipa kiti. Lakini alikuwa na daftari lake kwapani.

"Daktari, mwezi huu tumewapa Bluu wagonjwa kumi na mmoja. Kila tunayempeleka anahesabiwa kwao. Tumlaze hapa, dawa niagize bohari."

"Itafika saa ngapi?"

"Mchana huu huu."

"Na huyu mchana atakuwa wapi?"

Karani akamtazama mtoto, kwanza kifua kinavyopanda na kushuka, halafu akaitazama sakafu. Mama Mizani hakungoja amalize kuitazama. Alikuwa ameshachukua simu ya mezani.

"Namleta mtoto, sukari imepita kipimo, dripu imeshawekwa. Dakika kumi tuko hapo." Akasikiliza. Uso ukamkunjamana. "Wa kwenu au wa kwetu? Ana kadi zenu mbili na yetu moja. Andika ni wa mama yake." Akakata.

Alikuja na sisi ndani ya gari, ameshika chupa ya dripu juu, miguu ameitanua isiteleze. Njia nzima nilikuwa namwita Chiriku kwa majina yake yote. Nilimwomba aniulize kitu, chochote.

Kwenye mlango wa Bluu karani akaja na kalamu yake. "Mgeni au mwenyeji?"

"Mwenyeji," nikasema. "Wa wiki nne."

Sijui aliandika nini. Najua tu kwamba nilipotoka getini jioni kumpigia simu baba yake, ubao ulikuwa umeongezwa mgonjwa mpya mmoja.

Siku mbili hakusema neno. Walimpima kidole kila saa, na kila saa niliomba kimashine chao kitoe namba. Kilipotoa ya kwanza nesi alinionyesha, ikiwa bado kubwa ya kutisha, nami nikaibusu. Baba yake alifika na vumbi la kazini, akakaa upande wa pili wa kitanda. Tulikuwa tunamtazama kifua.

Daktari kijana, yule wa saa mezani, alipita wodini akaikuta kadi yake ya kwanza imebanwa juu ya nyingine. Akautambua mwandiko wake.

"Niliandika arudi," akasema, si kwa ukali.

"Uliandika."

"Mbona hukurudi?"

"Kurudi ni siku nzima. Kule kwingine ni dakika ishirini."

Akaibana kadi tena, akainyoosha pembe iliyokunjika. "Kipimo kile kingetaka dakika arobaini," akasema. "Mimi nilikuwa nimepewa saba." Akaenda kitanda kingine.

Siku ya tatu asubuhi, nikiwa nimesinzia kichwa kwenye godoro, nikasikia sauti kama ya karatasi.

"Mama. Mizani imekula viatu vyangu?"

Nikatazama chini ya kitanda. Kweli, havikuwepo. Tuliviacha Kijani siku ile ya mbio. Nikamwambia imevila, lakini tutanunua vingine. Akafikiri. Akauliza kama itaumwa tumbo. Baba yake akatoka nje, akarudi macho mekundu.

*

Sasa yuko nyumbani. Namchoma sindano kila siku, asubuhi na jioni, mimi mwenyewe, na mkono wangu uliozoea sindano ya nguo bado haujaizoea hii ndogo. Nikisikia anaomba maji, nahesabu vikombe. Akinyamaza dakika tano nachungulia chini ya meza. Sketi nimeifumua mara zote mbili, imemkaa, lakini matundu ya uzi hayajaziba. Ukiigeuza ndani yanaonekana.

Redio nilimwambia mwenyewe kuwa nilitumia jina la binti yake. Alilia kwanza, halafu akakasirika, halafu akaniuliza swali ambalo linaninyima usingizi. Je, siku binti yake akiumwa kichwa tu akaenda Kijani, wakafungua faili, wakakuta ana sukari iliyopita kipimo, watamchoma nini? Mama Mizani amenihakikishia kadi ile aliichana. Nimemuuliza mara mbili. Nitamuuliza tena.

Ushindani wa hospitali siuombei ufe. Bila huo kile kimashine kisingekuwepo. Wakubwa wakisoma haya, wao ndio wenye akili ya kujua namna ya kumhesabu na yule anayerudi. Mimi nasema na wewe mwenzangu. Kadi ni moja. Jina ni moja. Wakikuambia urudi, rudi kulekule, hata kama utakaa kwenye zege mpaka mchana uishe.

Mimi hukaa. Kila mwezi tarehe ya kliniki niko Bluu, foleni ya wenyeji, nimebeba chakula na kazi ya mkono ya kupiga pindo. Mwezi uliopita alikaa karibu yangu mama mmoja na mtoto mdogo kwenye kitenge. Mtoto alikuwa analia bila machozi. Mama yule alikuwa anatazama upande wa mbele, kwenye viti na feni, kisha anatazama benchi, kisha anatazama mbele tena. Nilimjua kabla hajasema kitu.

Akajishikashika begi, akanyanyuka.

"Mama," nikamwambia, "huyo ana kadi ngapi?"

Alilivuta begi lake nyuma ya mgongo. Chiriku, ambaye alikuwa anahesabu mabati ya chumba cha mashuka, akageuka, akampangusia nafasi kwenye zege kwa kiganja.

"Kaa," akamwambia. "Mimi nilikuwa nazo tatu."

Yule mama alisimama hivyo kwa muda, begi nyuma, mtoto mbele, hajakaa wala hajaenda.